Mizuka ya kisasa ya Japani: ukiulizwa swali, unajibu nini?

Tumbusi:

Wadau, nahitaji watu wanaozijua habari hizi kwa undani. Nimekusanya masimulizi ya mizuka ya Japani, ile ya karibuni inayotokea shuleni, barabarani, kwenye treni na mtandaoni, wala si ile ya enzi za masamurai. Kila nikigeuka nakuta yanapingana. Yule mwanamke mwenye mdomo uliochanwa: mmoja anasema ukimsifu umepona, mwingine anasema ukimsifu ndiyo umejimaliza. Wa chooni: wengine wanamweka ghorofa ya pili, wengine ya tatu. Na ule mchezo wa sarafu ya yeni 10, kila mtu ana masharti yake.

Naomba kujua kanuni yenyewe ni ipi kwa kila mmoja, na watu hukosea wapi. Yurei na yokai ni kitu kimoja? Na ni kweli kwamba huko dalali wa nyumba analazimika kukwambia kama kuna mtu alifia ndani? Hadithi za "shangazi yangu alimwona" sizitaki. Nataka taratibu.

Kibatari:

Ndugu Tumbusi, tuanze na mpaka, maana ukikosea hapo mengine yote yatakuchanganya.

Yurei ni mtu aliyekufa. Ana jina, ana jambo alilokufa nalo moyoni, na mara nyingi kuna aliyemkosea. Kwenye michoro utamtambua kwa mavazi: kimono nyeupe ya maiti ambayo upande wa kulia umelazwa juu ya wa kushoto (walio hai hufunga kinyume chake), kitambaa cha pembetatu kwenye paji la uso, na chini hakuna miguu. Yokai ni kundi pana zaidi. Anaweza kuwa mnyama, kiumbe cha mtoni kama kappa, hata mwavuli uliozeeka ghalani. Si lazima awe amewahi kuwa mtu.

Yanagita Kunio, aliyeasisi elimu ya mapokeo ya wananchi huko Japani, aliweka kipimo ambacho bado kinatajwa: yokai ana mahali pake na humtokea yeyote apitaye, hasa jua linapozama, yurei humwandama mtu wake popote aendako, na saa yake ni ushimitsu, kama saa nane usiku hivi. Kipimo hiki kina matundu. Lakini kinakusaidia kuona kwamba mizuka unayoiuliza imekaa katikati: ina kisa cha kifo au jeraha kama yurei, halafu inamvamia mpita njia yeyote kama yokai.

Sasa huyo wa mdomo, Kuchisake-onna. Uvumi wake ulianza mkoani Gifu mwishoni mwa 1978, gazeti la huko likauandika Januari 1979, na kufikia Juni ulikuwa umeenea karibu nchi nzima. Watoto wakawa wanarudishwa nyumbani kwa makundi. Juni hiyohiyo, mjini Himeji, mwanamke wa miaka 25 alikamatwa akizunguka amejifanya mzuka huyo, na kisu mkononi. Agosti ilipofika uvumi ukapoa: shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo, na shule ndiyo ilikuwa bomba lake.

Mkutano wenyewe una hatua mbili, na hapa ndipo masimulizi yako yanapogongana. Anakuja amevaa barakoa, jambo lisilomshtua mtu Japani, na anauliza: "Watashi, kirei?" Mimi ni mzuri? Ukisema hapana, anakuua papo hapo. Ukisema ndiyo, bado hujapona, umevuka hatua ya kwanza tu. Anavua barakoa, mdomo umepasuka hadi masikioni, na anauliza tena: "Kore demo?" Hata hivi? Sasa ukikana au ukipiga kelele unauawa. Ukikubali anakuchana mdomo ufanane na wake. Kwa hiyo anayesema "ukimsifu umepona" amesimulia nusu ya kwanza akaishia hapo.

Njia za kutoka ni tatu zinazojulikana. Ya kwanza ni jibu la katikati: "maa maa", wastani tu. Anabaki anatafakari, wewe unaondoka. Ya pili ni kumrushia bekko-ame, pipi za sukari iliyoyeyushwa hadi ikawa na rangi ya kaharabu, anazipenda, atasimama. Ya tatu ni kutamka "pomado", yaani mafuta mazito ya nywele. Hesabu ya mara tatu ndiyo iliyoenea zaidi, ya mara sita nayo ipo.

Hilo la mafuta linahitaji maelezo. Katika toleo moja mdomo wake uliharibika kwa upasuaji wa urembo. Daktari alikuwa amejipaka pomado nyingi kichwani, mgonjwa akageuza uso kwa kuchukia harufu, kisu kikateleza. Neno linamrudisha kwenye ile harufu, ndiyo maana anakimbia. Lakini lipo toleo jingine linalosema alikuwa mke wa samurai aliyechanwa na mumewe kwa wivu. Mke huyo pomado ataijulia wapi? Kosa la wasimuliaji wengi wa mtandaoni ni kuchukua chanzo cha toleo hili na kinga ya toleo lile, halafu wanashangaa hadithi haishikani.

Kukimbia usifikirie. Watoto wa 1979 walimpa mwendo wa mita 100 kwa sekunde 6. Piga hesabu: ni kilomita 60 kwa saa.

Zeituni:

Kaka Kibatari kamaliza barabara, mimi niingie chooni.

Toire no Hanako-san, utaratibu wa kawaida: jengo la shule, san-kai, choo cha wasichana, mlango wa tatu kuhesabu kutoka wa karibu na mlango mkuu, unapiga hodi mara tatu na kuuliza, "Hanako-san, irasshaimasu ka?" Hanako, upo? Sauti ndogo inaitika "haai". Ukifungua unamkuta mtoto wa kike mwenye nywele zilizokatwa usawa wa mashavu na sketi nyekundu, na katika masimulizi mengi anakuvuta ndani ya shimo la choo.

Ule mgongano wa ghorofa ni kosa la kutafsiri tu. Wajapani huanza kuhesabu chini kabisa: ik-kai ni ile inayokanyaga ardhi, kwa hiyo san-kai yao ni ngazi mbili tu kwenda juu. Mfasiri anayeita ya chini "ghorofa ya chini" atapata ghorofa ya pili. Anayefuata namba kama ilivyo atapata ya tatu. Mahali ni palepale.

Yanayobadilika kikweli ni yanayotokea baada ya hodi. Katika masimulizi ya Yamagata aliyemo si mtoto, ni mjusi mwenye vichwa vitatu anayeigiza sauti ya msichana. Shule nyingine ni mkono mweupe tu unaotoka. Na jina lisikutishe: Hanako ni jina la mfano, lile linalowekwa kwenye fomu kuonyesha pa kujaza. Hakuna Hanako mmoja wa kumtafuta kwenye kumbukumbu za polisi.

Lakini aliye hatari zaidi kwa anayependa kujifanya mjanja ni yule wa karatasi. Umemaliza haja, karatasi hakuna, sauti inauliza: unataka nyekundu au ya buluu? Nyekundu, unakatwa mpaka nguo zinaloa damu. Buluu, unanyongwa au unanyonywa damu hadi uso unageuka rangi. Hapa mtu aliyemsoma Kuchisake-onna anasema, "Basi nitaje rangi ya katikati." Amekwisha! Rangi ya tatu inaleta mikono inayokuburuta chini. Kinachokuokoa ni kukataa kabisa: sihitaji karatasi. Yule wa barabarani anashindwa na jibu lisilo huku wala kule, huyu wa chooni anakuadhibu kwa jibu hilohilo. Usiazime kinga ya mzuka mmoja ukaipeleka kwa mwingine. Jamaa yake wa joho jekundu, Aka Manto, alikuwa akivumishwa tangu miaka ya 1930, kwa hiyo swali hili ni la zamani kuliko la mdomo.

Kwa nini choo? Angalia jengo. Vyoo vya shule za zamani vilikuwa vya shimo, vya kuchuchumaa, mwisho wa korido au nje kabisa, giza, na unaingia peke yako. Shimo liko wazi chini yako. Hata kabla ya shule za kisasa kulikuwa na visa vya kappa anayepenyeza mkono kutoka chini ya choo, ukakatwa, akaja kuuomba na kulipa kwa kufundisha dawa ya kuunga mifupa. Mkono wa chooni ulikuwepo, shule iliupa tu sauti na sare. Mwalimu mmoja, Tsunemitsu Toru, alipoanza kukusanya visa vya wanafunzi na kuvichapisha 1990, ndipo mizuka ya shule ikawa mali ya taifa zima, na matoleo ya mikoa yakaanza kufanana.

Nusudunia:

Nachomeka moja kuhusu yale matundu aliyoyataja Kibatari. Okiku wa kisimani ni yurei kamili, mtumishi aliyeuawa kwa sababu ya sahani iliyopotea. Kwa kipimo cha Yanagita angepaswa kumwandama muuaji tu. Mbona amebaki kisimani, na kila apitaye anamsikia akihesabu sahani, moja hadi tisa, kisha kilio? Kisima kinachoitwa chake kipo hadi leo ndani ya ngome ya Himeji. (Ndiyo, Himeji ileile ya mwanamke wa kisu. Mji una bahati yake.)

Namtaja kwa sababu ya kinga. Katika toleo moja, mtu anajificha karibu na kisima, anasubiri afike tisa, na kabla hajalia anapaza sauti: "Kumi!" Okiku anatulia na harudi tena. Anayepaza sauti mapema, kwenye nane kwa mfano, hajamalizia kitu. Kwa hiyo hizi kanuni za neno moja sahihi kwa wakati sahihi hazikubuniwa na watoto wa 1979. Walirithi muundo, wakabadilisha vifaa.

Sarafu ya Shaba:

Kokkuri-san, ule mchezo wa sarafu ya yeni 10, niachieni.

Asili kwanza, maana wengi hudhani ni ibada ya kale ya mbweha. Inoue Enryo, mwanafalsafa aliyejitolea kuchunguza mambo ya yokai, aliifuatilia hadi bandari ya Shimoda mwaka 1884, ambako mabaharia Wamarekani waliwaonyesha wenyeji mchezo wa meza inayojisogeza. Wenyeji hawakuwa na meza ya namna hiyo. Wakafunga fito tatu za mianzi, wakaweka juu yake kifuniko cha chombo cha wali. Kinavyoinama huku na huku, ndiyo "kokkuri". Baadaye wakapachika herufi za mbweha, mbwa na tanuki (mnyama wa porini wa huko afananaye na mbwa), na mchezo wa wageni ukapata sura ya kienyeji.

Toleo la karatasi na sarafu lilitawala shule miaka ya 1970. Unavyolipanga:

Karatasi moja laini. Juu katikati unachora torii, lango la hekalu la Shinto. Upande mmoja wa torii "hai" (ndiyo), upande wa pili "iie" (hapana). Chini unaandika herufi zote za hiragana, zile za silabi za Kijapani, kwa safu, na tarakimu 0 hadi 9. Sarafu ni ya yeni 10, ile ya shaba yenye upana wa milimita 23.5 na uzito wa gramu 4.5, inateleza vizuri na vidole vitatu vinatosha juu yake. Watu wawili au zaidi, kila mmoja kidole cha shahada, kugusa tu bila kukandamiza. Dirisha moja linaachwa wazi la kuingilia. Mnasema pamoja: "Kokkuri-san, Kokkuri-san, oide kudasai," karibu, na kama amekuja aende kwenye "hai". Baada ya kila jibu sarafu inarudishwa kwenye torii kabla ya swali linalofuata.

Kufunga ndiko watu wanakoharibu. Mnamwomba arudi, sarafu iende "hai", kisha iingie torii, mnashukuru, ndipo vidole vinatoka kwa pamoja. Akikataa mnaendelea kumwomba, hamkimbii. Karatasi inachanwa vipande vidogo (48 katika matoleo mengi) au inachomwa, na sarafu inatumiwa dukani ndani ya siku tatu. Makosa manne ya kawaida kwa mujibu wa masharti: kucheza peke yako, kutoa kidole katikati, kuuliza habari za Kokkuri mwenyewe, na kubaki na sarafu.

Sasa kinachosogeza. Inoue alishaeleza kabla karne ya 19 haijaisha: misuli inafanya kazi bila mwenyewe kujua, ikiongozwa na anachotarajia. Ndiyo maana wanahitajika wawili. Ukiwa peke yako utajihisi unasukuma, mkiwa wawili kila mmoja atamshuku mwenzake au mbweha. Kipimo ni rahisi: wafunge macho wachezaji wote, kisha mtu wa tatu aizungushe karatasi robo duara bila kuwaambia. Sarafu itaendelea kwenda mahali herufi zilipokuwa mwanzo, na majibu yatakuwa takataka. Mbweha angekuwa anaona.

Hatari ya kweli ni hofu inayoambukizana. Chumba kimejaa watoto, sarafu imegoma kurudi, mmoja anaanza kuhema haraka na kutetemeka, dakika chache wako watano. Shule nyingi zilipiga marufuku kwa sababu hiyo. Ikitokea, watenganishe, wahame chumba, wapumue polepole. Kuwasomea masharti ya mbweha wakati huo ni kumwagia moto mafuta.

Tumbusi:

Asanteni sana, la ghorofa limenitoa jasho bure miezi yote hii. Na ile ya mtandaoni je? Mle naona hakuna hata swali la kujibiwa. Pia lile la nyumba msilisahau.

Kituo cha Mwisho:

Umeona vizuri, mkuu. Mizuka ya mtandao ililelewa kwenye jukwaa la 2channel, hasa ubao wake wa mambo ya ajabu, na tabia yake inatokana na hapo. Kisa cha mtoto wa shule lazima kibebeke kichwani wakati wa mapumziko, ndiyo maana kinga yake ni neno moja. Mtu anayeandika hana kikwazo hicho, anaweza kukupa kinga ya usiku mzima yenye vifaa kumi.

Chukua Hachishakusama, bibi wa shaku nane, aliyeandikwa 2008. Shaku moja ni sentimita 30.3, kwa hiyo shaku nane ni kama mita 2 na sentimita 42. Mwanamke mrefu hivyo, ana kofia, kichwa kinaonekana juu ya ua, sauti yake "po, po, po, po". Amemchagua kijana. Kinga: chumba ambacho madirisha yamezibwa kwa magazeti na kubandikwa hirizi za karatasi, chumvi iliyorundikwa pembe nne, sanamu ndogo ya Buddha, na ndoo ya haja, maana mlango haufunguliwi kuanzia jioni hadi saa moja asubuhi. Babu na bibi wanatangaza mapema kwamba hawatamwita wala kuzungumza naye usiku huo. Sharti hilo ndilo uti wa mgongo wa kisa, kwa sababu usiku sauti ya babu inakuja mlangoni: kama unaogopa, fungua tu. Anayekosea hakosei chumvi, anakosea kwa kuamini sauti aipendayo. Chumvi ni kipimo tu: asubuhi imekuwa nyeusi. Halafu anasafirishwa garini akiwa amezungukwa na wanaume wa ukoo wake, macho chini, ili mzuka asimtofautishe. Kijijini alikuwa amezuiwa na sanamu za Jizo, mlinzi wa Kibuddha, kwenye mipaka, na mwisho wa kisa moja imevunjwa.

Kunekune ni kinyume chake. Kitu cheupe chembamba kinachojipindapinda mbali juu ya mashamba ya mpunga, siku ya joto, mchana. Hakiulizi, hakifukuzi. Kanuni ni moja: usijue ni nini. Ukikiona kwa mbali hakuna neno, ukichukua darubini ukakielewa, akili inaharibika. Kinga ni kutokuwa na udadisi, na kwa msomaji wa jukwaa hiyo ndiyo kinga ngumu kuliko zote.

Kisaragi ndiyo ninayoipenda kwa jinsi ilivyoandikwa. Usiku wa tarehe 8 Januari 2004, baada ya saa tano, mtu aliyejiita Hasumi alianza kuandika kwamba treni yake ya kila siku, ya reli ya binafsi mkoani Shizuoka, haijasimama kwa zaidi ya dakika ishirini. Ikasimama kituo kisicho na mhudumu, Kisaragi, ambacho hakipo kwenye ramani. Wasomaji wakawa wanamshauri papo kwa papo. Alishuka: kosa la kwanza. Akafuata reli kwa miguu, ngoma na kengele zikilia kwa mbali: la pili. Akapanda gari la mtu asiyemjua baada ya kuvuka handaki: la tatu. Ujumbe wa mwisho ulikuja karibu saa kumi kasorobo alfajiri, dereva ameacha kuzungumza na gari linaelekea milimani, na betri inaisha. Ukitunga kisa cha namna hii, angalia saa za ujumbe. Mapengo kati ya ujumbe na ujumbe yanatisha kuliko maneno.

Funguo Mbili:

Swali la nyumba. Nyumba zenye kisa cha kifo zinaitwa jiko bukken, na ndiyo, kuna wajibu, ila haumlindi mnunuzi kwa kila kitu kama watu wanavyodhani.

Wizara ya Ardhi, Miundombinu, Uchukuzi na Utalii ilitoa mwongozo Oktoba 2021. Kifo cha maradhi au uzee, au ajali ya kawaida ya nyumbani kama kuanguka ngazini, kuzama bafuni au kupaliwa na chakula, kwa kawaida hakihitaji kutajwa. Mauaji na kujiua, kwa nyumba ya kupanga, yanatajwa kwa takribani miaka 3 tangu tukio. Kifo cha kawaida kilichogunduliwa baada ya muda mrefu hadi ukahitajika usafishaji maalumu nacho kinaingia humo, na miaka inahesabiwa tangu kilipogunduliwa. Kwa nyumba ya kuuzwa hakuna ukomo wa miaka uliowekwa. Kabla ya hapo ilienea imani kwamba akishakaa mpangaji mmoja katikati, wajibu umefutika. Usiitegemee.

Kinachosahaulika ni hiki: mteja akiuliza, dalali anapaswa kujibu anachokijua, hata kama miaka 3 imepita au kifo ni cha aina isiyotajwa. Kwa hiyo uliza waziwazi. Kwenye tangazo tafuta maneno "kokuchi jiko ari", yaani kuna jambo la kuarifiwa. Lakini dalali halazimiki kufanya upelelezi. Anamwuliza mwenye nyumba na kumtaka ajaze fomu. Mwenye nyumba akinyamaza, dalali naye hana habari. Jina na umri wa marehemu hutaambiwa, hayo ni ya familia yake.

Upo pia mtandao wa Oshima Teru, ulioanza 2005, wenye ramani iliyojaa alama za miali ya moto kwenye majengo. Unasaidia, ila taarifa huletwa na yeyote, kwa hiyo moto kwenye jengo si uthibitisho, na jengo lisilo na moto si usafi.

Nyongeza kuhusu chumvi, kwa kuwa Kituo cha Mwisho ameigusa. Ile ya mlangoni, morijio, ni rundo dogo la umbo la pia kwenye kisahani, moja kila upande wa mlango. Tumia chumvi ya mawe au ya bahari yenye chembe kubwa; ile laini ya mezani husambaa. Ilowanishe kwa matone machache tu, ishindilie kwenye karatasi iliyokunjwa kama faneli, kisha pindua. Ikiporomoka usiite mchawi. Chumvi inanyonya unyevu, na kiangazi cha Japani ni maji matupu. Hubadilishwa tarehe 1 na 15, na iliyotolewa hailiwi. Ya mazikoni ni nyingine: unajirushia kidogo kifuani, mgongoni na miguuni kabla ya kuvuka kizingiti. Na si Wabuddha wote wanaoikubali. Madhehebu ya Jodo Shinshu huikataa, kwa hoja kwamba marehemu si uchafu wa kuoshwa.

Nusudunia:

Kabla uzi haujafungwa, kuna kundi ambalo sheria zote hizi hazilihusu, na lisichanganywe na Hanako. Baada ya tsunami ya Machi 2011, mji wa Ishinomaki ulipoteza watu zaidi ya 3,000. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tohoku Gakuin alihoji madereva teksi zaidi ya mia kwa ajili ya utafiti wake. Saba walisimulia abiria wasioelezeka. Mmoja alisema mwanamke aliyevaa koti zito mwanzoni mwa kiangazi aliomba apelekwe mtaa wa Minamihama. Dereva akamwambia kule ni uwanja mtupu. Mwanamke akauliza, "Je, mimi nimekufa?" Dereva alipogeuka, kiti kilikuwa kitupu.

La kiufundi ni mita. Dereva huiwasha abiria akiingia, na safari ikishasajiliwa nauli lazima ilipwe, hivyo waliilipa kutoka mfukoni mwao. Hapa hakuna swali la mtego wala neno la kinga. Madereva hao hawakuzungumza kwa hofu, na walisema wakisimamishwa tena watawachukua.

Tumbusi:

Hili nitaliweka peke yake, nimekuelewa. Swali la mwisho, wakuu: Kashima Reiko. Nasikia yeye anataka neno la siri. Lipi?

Kibatari:

Si neno moja, ni majibu matatu kwa mpangilio. Yeye ni mwanamke asiye na miguu, iliyokatwa na treni, na anauliza chooni au kwenye simu. "Miguu unaihitaji?" Unajibu: naihitaji sasa hivi. "Nani amekusimulia habari zangu?" Unajibu: Kashima-san. Halafu unafafanua jina: ka ya kamen, barakoa, shi ya shinin, maiti, ma ya akuma, shetani. Wanaokosea hutaja jina wakaishia hapo bila kufafanua silabi. Wengine hujibu la kwanza kwa "ndiyo" tupu. "Sasa hivi" ndiyo yenye kazi, maana bila hiyo ataichukua baadaye.

Kuna sharti moja linaloachwa na wasimuliaji wengi. Haji kwa anayemtafuta. Huja kwa aliyesikia kisa chake, ndani ya mwezi mmoja.

Tumbusi:

Hilo mngelitanguliza, mkuu.